Barua kwa mwanangu: bima iandikwe kwa jina lako

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera tena kwa leseni. Ujumbe wako nimeusoma vizuri. Unasema bei ya bima uliyotajiwa imekutisha, na rafiki yako amekushauri bima ikatwe kwa jina langu, mimi niwe dereva mkuu na wewe uandikwe dereva wa ziada, kwa kuwa mimi ni mtu mzima na sijawahi kudai fidia. Kwa hilo, mwanangu, jibu ni hapana. Sikunyimi msaada, msaada utaupata, na nitakueleza ni upi. Lakini maisha yangu ya kazi nimeyamaliza kwenye meza ya madai, nikiwapokea watu waliotoka kugonga au kugongwa, na mpango huo ninajua unaishia wapi.

Siku ya ajali kampuni humtuma mkaguzi. Huyo haji kutazama bodi iliyobonyea tu. Atauliza gari hulala wapi, nani hulipeleka kazini, funguo hukaa na nani. Ikibainika kwamba dereva wa kila siku ni wewe, kampuni inaweza kukataa kulipa au kuifuta bima nzima. Baada ya hapo, kila fomu utakayojaza itakuuliza kama umewahi kufutiwa bima, na utalazimika kujibu ndiyo. Na yule uliyemgonga? Katika nchi nyingi sheria huilazimisha kampuni imlipe hata hivyo, kisha kampuni hutugeukia sisi itudai fedha yake. Hapo tutakuwa tumelipa ada mwaka mzima na deni juu.

Sharti la kusema kweli katika bima lina umri mrefu kuliko magari yenyewe. Mwaka 1766, mjini London, jaji Lord Mansfield alitoa hukumu katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm, iliyohusu bima ya ngome ya Waingereza katika kisiwa cha Sumatra ambayo Wafaransa waliiteka. Alieleza kwamba anayekata bima ndiye anayeijua hatari yake kwa undani, kwa hiyo asimfiche anayeibeba. Hata hivyo aliyekata bima alishinda kesi hiyo, maana mambo aliyoshutumiwa kuyaficha, mwenzake aliyajua au angeweza kuyajua. Ninakuandikia haya kwa sababu wengi hudhani ukweli ni wajibu wa mteja peke yake. Wewe jibu kila swali la fomu kwa ukweli, lakini nawe uliza yako, na majibu yao yaandikwe.

Kuna hasara nyingine katika ushauri wa rafiki yako ambayo huumiza polepole. Anayemaliza mwaka bila kudai fidia hupewa punguzo mwaka unaofuata, nalo hukua kadiri miaka ya usalama inavyoongezeka. Kwa kawaida punguzo hilo ni la mwenye bima. Ukiendesha chini ya jina langu miaka minne, mitano, siku utakapokata bima yako utaanzia sifuri, kama mtu aliyepata leseni juzi. Ni afadhali ulipe zaidi mwaka wa kwanza na hesabu ya miaka yako ianze.

Usichukulie bei ile kama tusi. Kampuni haikujui wewe binafsi, inalijua kundi lako, na madereva vijana wanaoanza hupata ajali nyingi kuliko wenye uzoefu. Ndivyo bei za bima zinavyopangwa, kwa makundi, na wakati mwingine sheria huingilia kati na kusema kundi hili lisitumike. Huko Ulaya, kwa mfano, wasichana walikuwa wakilipa kidogo kuliko wavulana wa umri uleule, hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipoamua mwaka 2011 kwamba jinsia isitumike kupanga bei, na uamuzi ukaanza kutumika tarehe 21 Desemba 2012. Umri wako huwezi kuubadilisha. Unayoweza kuyabadilisha ni mengine, na hayo ndiyo ninataka tuyazungumze.

La kwanza ni gari lenyewe, na nimefurahi kwamba hujanunua bado. Vijana huchagua gari kwanza, bima wanaikumbuka baadaye. Geuza. Kabla hujatoa hata malipo ya awali, chukua aina mbili tatu unazozipenda, uliza bei ya bima ya kila moja, kisha ndipo uchague. Injini kubwa, vipuri adimu, aina inayopendwa na wezi, gari lililofanyiwa mabadiliko ya kuliongezea kasi: vyote hupandisha ada. Gari la kawaida ambalo vipuri vyake viko kila mahali linaweza kukuokolea fedha nyingi kuliko mazungumzo yoyote na wakala.

Kisha kuna aina ya bima. Ndogo kuliko zote ni ile ya mtu wa tatu, ambayo sheria hulazimisha. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilianza kuilazimisha mwaka 1927, na Uingereza ikafuata kwa sheria ya barabara ya mwaka 1930. Kumbuka sheria hizo zilimlenga nani: mtembea kwa miguu, abiria, mwenye gari lingine. Bima hiyo humlipa uliyemdhuru. Gari lako likiharibika kwa kosa lako, au likiibiwa, hupati kitu. Ya katikati huongeza moto na wizi. Bima kubwa hugusa karibu yote, pamoja na matengenezo ya gari lako hata kama kosa ni lako.

Wengi watakwambia mwenye kipato kidogo achukue ndogo. Mimi nasema inategemea kama unaweza kuibeba hasara. Gari likipotea kesho, je, unaweza kuishi bila hilo, au kununua jingine la hali ileile bila kukopa? Kama ndiyo, bima ndogo inatosha, hasa kwa gari kuukuu. Maana gari likiharibika lote, kampuni hulipa thamani yake sokoni siku ile. Haiangalii ulilinunua kwa bei gani. Ukijumlisha ada ya bima kubwa na kile utakachobeba mwenyewe, ukaona vinaikaribia thamani ya gari, unatupa fedha. Lakini kama gari ni la mkopo, au kibarua chako kinalitegemea, chukua bima kubwa na ubane matumizi kwingine. Na usiamini kwa kichwa kwamba ndogo lazima iwe rahisi. Yako masoko ambako bima ya mtu wa tatu huwa ghali kwa kijana kuliko bima kubwa, kwa kuwa wanaoichagua ndio wanaopata ajali nyingi. Omba bei za zote tatu.

Sasa ekses, yaani kile kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Hapa ndipo watu wengi walipolia mbele ya meza yangu, kwa hiyo nisome taratibu. Wakala atakwambia ukikubali ekses kubwa, ada inashuka. Ni kweli, ila piga hesabu. Tuseme, kwa fedha yoyote ile, ukiongeza ekses kwa 1,000 ada ya mwaka inapungua kwa 100. Basi itabidi ukae miaka 10 bila ajali ndipo urudishe ile 1,000. Huo si unafuu kwa dereva anayeanza. Ikipungua kwa 400, hesabu inabadilika: miaka miwili na nusu umeshafidia. Uliza pia kama kuna ekses ya pili kwa madereva vijana, maana mara nyingi ipo, na hujumlishwa juu ya ile uliyoichagua. Nimeona mtu akidai fidia ya bampa na taa, akaambiwa ekses zake mbili zinazidi gharama yote ya fundi. Alikuwa na bima halali, na hakupata hata senti. Kanuni yangu ni kwamba ekses isizidi fedha ambayo ungeweza kuitoa ndani ya wiki moja bila kumpigia mtu simu.

Na thamani ya gari usiipunguze kwenye fomu ili ada ishuke. Mikataba mingi ina kifungu cha uwiano. Gari la thamani ya 10 ukiliandikisha kwa 6, ukapata uharibifu wa 5, utalipwa 3, kwa sababu ulilipia sehemu sita kati ya kumi. Kuipandisha nako hakusaidii. Utalipa ada kubwa na siku ya hasara utapewa bei ya soko.

Usiige bima ya mtu mwingine, hata wa nyumbani kwetu. Shangazi yako gari lake hutoka mara moja moja. Yeye inamfaa bima inayohesabu kilomita, na kama kampuni haina, basi atamke kilomita chache anazoendesha na ada itashuka kihalali. Babu yako alifurahia bei ndogo miaka mingi, ila uzeeni ada huanza kupanda tena. Yeye nimemshauri bima imtaje yeye peke yake kuwa dereva, kwani kila jina linaloongezwa hupimwa, na jina moja lenye ajali linaweza kuiharibu bei ya wote. Kaka yako anabeba abiria kwa programu ya simu, na huyo ndiye aliyenipa wasiwasi mkubwa. Bima ya gari binafsi kwa kawaida haimhusu anayebeba abiria wa kulipa. Hata penye bima ya kampuni ya programu, uliza inaanzia wapi: abiria akishapanda, au tangu unapoiwasha programu ukisubiri? Pengo hilo la kusubiri limewaacha madereva wengi mikono mitupu. Anayekatiza mipaka ya nchi naye aulize kabla ya safari. Afrika Mashariki na Kusini kuna mpango wa Kadi ya Njano ya COMESA, yaani soko la pamoja la nchi za eneo hilo, unaoisogeza bima ya mtu wa tatu hadi nchi wanachama nyingine, lakini kadi hiyo lazima uiombe.

Wewe ni dereva kijana, wa peke yako, wa kwenda kazini na kurudi. Kwa mtu kama wewe ningeuliza kwanza bima inayopima uendeshaji, kwa kifaa kinachofungwa garini au kwa programu ya simu. Hupima kasi, jinsi unavyofunga breki, na saa unazokuwa barabarani. Kwa kijana mtulivu ni njia nzuri ya kujitofautisha na kundi lake. Ila kama kazi yako itakuwa na zamu za usiku, soma masharti kwa makini, maana safari za usiku wa manane huweza kukushushia alama hata ukiendesha kwa adabu. Uliza pia taarifa zako za safari wanazihifadhi vipi na nani mwingine anaziona.

Ukilinganisha bei, kila kampuni ipe taarifa zilezile: gari lilelile, ekses ileile, kilomita zilezile. La sivyo unalinganisha vitu viwili tofauti. Halafu uende moja kwa moja kwenye ukurasa wa mambo wasiyolipa. Mafuriko yamo? Kioo cha mbele? Rafiki akiazima gari? Malipo ya kila mwezi mara nyingi yana riba ndani yake, hivyo uliza jumla ya mwaka. Hakikisha na wakala mwenyewe ana kibali cha mamlaka ya bima, na hati uliyopewa ihakikiwe kwa mamlaka au kwa kampuni yenyewe. Bei iliyo chini mno kuliko zote mara nyingine ni ya karatasi bandia, na mwenye gari huja kulijua hilo akiwa kituo cha polisi.

Mwaka ukiisha, usihuishe bima kwa mazoea. Kampuni nyingi zilizoea kumpandishia bei mteja mkaaji na kumbembeleza mgeni. Uingereza iliipiga marufuku tabia hiyo kuanzia tarehe 1 Januari 2022: anayehuisha bima ya gari au ya nyumba asitozwe zaidi ya ambavyo mteja mpya angetozwa. Kusikokuwa na sheria kama hiyo, mteja hujitetea mwenyewe kwa kuomba bei kwingine mapema, kabla siku ya mwisho haijamkaba.

Sasa msaada wangu. Bima itakatwa kwa jina lako, na tofauti kati ya bei uliyotajiwa na ile uliyopanga kulipa nitaichangia mimi kwa mwaka huu wa kwanza. Jina langu liandikwe kama dereva wa ziada ikiwa kweli nitaliendesha gari hilo mara moja moja, na nitaliendesha nikija kwako. Wakati mwingine jina la mtu mzima hupunguza ada, wakati mwingine halipunguzi, tutaona. Nitumie bei tatu, za magari mawili, pamoja na picha ya ukurasa wa yale wasiyolipa katika kila mkataba. Nitazisoma Jumamosi nikipiga mistari, tukubaliane kwa simu jioni. Usisaini chochote kabla ya hapo.

Mama yako