Malalamiko Kuhusu Peptidi Iliyoletwa Bila Kufungwa Ncha

Malindi, Kenya

Kwa Meneja wa Mauzo,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: ODA YA MILIGRAMU 100 ZA PEPTIDI YA RADA16

Nimewaandikia barua pepe tatu na kujibiwa mbili. Majibu yote mawili yalisema neno moja, kwamba usafi wa bidhaa ni asilimia 98 na kwa hiyo haina kasoro. Mimi sijalalamikia usafi hata siku moja. Nalalamika kwamba mmeniletea molekuli nyingine, si ile niliyoagiza, na ushahidi umo ndani ya cheti cha vipimo mlichokitia nyinyi wenyewe kwenye mzigo.

Kwa kuwa barua hii huenda ikasomwa na mtu wa hesabu kabla ya kumfikia mkemia wenu, naomba nieleze. RADA16 ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa amino asidi, vile vipande vinavyojenga protini. Hapa vipo 16: arginini, alanini, asidi aspatiki, alanini, kisha hayo hayo tena hadi mara 4. Alanini hukimbia maji, nazo hukaa upande mmoja wa mnyororo. Upande wa pili hukaa arginini zenye chaji chanya na aspatiki zenye chaji hasi, na hizo huvutana. Basi minyororo hujipanga yenyewe ubavu kwa ubavu, kama miyaa ndani ya ukili, ila hapa hakuna mkono unaosuka. Hutokea nyuzi zenye unene wa nanomita 10 hivi, na nyuzi zikishikana huwa jeli ambayo zaidi ya asilimia 99 yake ni maji. Ukiitia chumvi, au ikikutana na majimaji ya mwili, hapo ndipo inapoganda. Shuguang Zhang na wenzake walitangaza peptidi ya kwanza ya ukoo huu mwaka 1993, wakiwa wameitoa kwenye kipande cha protini ya hamira, na tangu hapo jeli za aina hii zimejaribiwa kuotesha seli na kuzuia damu kwenye vidonda.

Mimi ni binti wa mvuvi. Nimekulia Shela hapa Malindi, na viganja vya baba yangu vimechanwa na mshipi tangu sijazaliwa. Kidonda cha mvuvi hakipati kukauka, maana kila alfajiri kinarudishwa kwenye maji ya bahari. Huko Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, miguu ya watu hupasuka vivyo hivyo. Kitu kinachoganda kwa sababu ya chumvi hakikutoka kichwani mwangu tangu siku nilipokisoma. Nataka kubuni mnyororo wangu, RADA16 iliyoongezwa mkia mfupi wa kushika seli. Lakini huwezi kupima mkia kabla ya kuwa na mnyororo wenyewe ulio sahihi wa kulinganishia.

Ndiyo maana kwenye fomu ya oda niliandika wazi kwamba ncha ya kwanza ifungwe kwa asetili na ya mwisho kwa amidi, ambavyo ni vikundi vidogo vya atomi vya kuziba chaji ya ncha. Hayo si mapambo. Ncha zikiachwa wazi, moja hubeba chaji chanya na nyingine chaji hasi, na molekuli ambayo kazi yake yote inategemea mpangilio wa chaji haiwezi kuongezewa mbili halafu mtu akasema ni ile ile.

Tazameni cheti chenu. Masi iliyopimwa ni dalton 1,671.8 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli). RADA16 yenye ncha zilizofungwa ina dalton 1,712.8. Tofauti ni 41, ambayo ndiyo hasa inayopatikana asetili na amidi zikikosekana. Tena ankara inaonyesha kosa lilipoanzia: mfuatano wa amino asidi umenakiliwa vizuri, alama za ncha mbili zimeachwa. Aliyechapa oda ofisini kwenu aliziruka, kiwanda kikatengeneza kilichoandikwa. Usafi wa asilimia 98 unamaanisha kwamba sehemu kubwa ya peptidi iliyomo ni ya aina moja. Hausemi ni aina gani.

Barua pepe yenu ya pili ilinishauri niongeze chumvi. Nimefanya hivyo. Niliyeyusha kwa kiwango cha asilimia 1, nikatia chumvi, nikangoja usiku kucha, nikapindua chupa, yakamiminika. Sidai kwamba ncha pekee ndizo zilizosababisha. Pengine kwa njia nyingine ingeganda. Lakini hata ingeganda kama jiwe, nisingeweza kuilinganisha na matokeo ya watafiti wengine, kwa sababu wao walitumia kitu kingine.

Kuna na suala la uzito. Peptidi hii imekuja ikiwa chumvi ya asidi ya trifloroasetiki, yaani imeshikana na asidi hiyo, inayobaki baada ya kusafishwa. Kila arginini huweza kushika molekuli moja ya asidi hiyo, na ncha mliyoiacha wazi huongeza ya tano. Kila moja ina dalton 114. Kwa hesabu hiyo, hadi robo ya unga niliolipia huenda si peptidi, na bado sijataja unyevu. Cheti hakitaji kiasi halisi cha peptidi mahali popote. Asidi hiyo pia inaweza kudhuru seli, nami kazi yangu ni ya seli.

Naomba yafuatayo. Mtengeneze upya miligramu 100, ncha zote mbili zikiwa zimefungwa, masi ikithibitishwa kuwa 1,712.8, asidi ile ikiwa imeondolewa na kuwekwa asetati, ile ya siki, mahali pake, na cheti kionyeshe kiasi halisi cha peptidi. Gharama zote, pamoja na usafirishaji na ushuru, ziwe juu yenu. Ikiwa hamwezi, nirudishieni fedha zote za ankara. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na ya kufidiwa anapopata hasara kwa kasoro zake.

Nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa mtu aliyekisoma cheti. Nimeambatisha nakala za fomu ya oda, ankara na cheti, na nimezizungushia kalamu nyekundu sehemu zinazohusika. Unga uliobaki nimeufunga vizuri na kuuweka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, nanyi mnaweza kuja kuuchukua mkaupime wenyewe.

Wenu mwaminifu,

Mteja wenu,
Malindi.