Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi: Watu wenye ulemavu si "wasiojiweza"

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam, na pole kwa majukumu.

Nakuandikia kuhusu neno lililozoeleka kwenye matangazo ya ofisi zetu na kwenye vipaza sauti vya mikutano: "wazee, walemavu na watu wengine wasiojiweza." Hilo "wengine" ndilo linaloniuma. Maana yake walemavu wamekwisha kuhesabiwa humo.

Huku kwetu anayejiweza ni mwenye uwezo: ana nyumba ya bati, ana mikorosho yake, akiuguliwa hakopi nauli ya hospitali. Asiyejiweza ni mgonjwa wa kitandani, au mzee asiye na wa kumpikia. Kwa kipimo hicho tuko wengi tuna miguu yote miwili na hatujiwezi.

Neno hilo lina gharama. Halmashauri zinatakiwa zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni mkopo, si sadaka, unarejeshwa. Sasa nani atamkopesha asiyejiweza? Nilimsindikiza jirani yangu kwenye ofisi moja. Ni fundi nguo, polio ilimpiga miguu utotoni, anashonea cherehani ya mkono. Karani akasoma fomu, akayatazama magongo, kisha akaniuliza mimi: "Marejesho atalipa nani?" Mimi! Na huyo fundi ndiye anayeshona sare za watoto wa mtaa mzima, mimi bado namdai suruali.

Sitaki ugomvi wa maneno yote. "Mlemavu" mtaani si tusi, ingawa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema "mtu mwenye ulemavu", na karatasi ya serikali ifuate sheria. "Kilema" liachwe, hilo ni jina la dosari yenyewe, mtu *ana* kilema cha mguu, tukamgeuza yeye mzima kuwa kilema. Viziwi wao wanajiita viziwi, chama chao ni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, basi tusijitie adabu kuwazidi. Wasichokubali ni "bubu", kwa sababu lugha wanayo, ya alama. Anayekwama ni afisa asiyeijua.

Ninachoomba ni kidogo. Agiza "wasiojiweza" liondolewe kwenye matangazo na fomu za mikopo hiyo katika halmashauri zote za mkoa, kuanzia Kilwa hadi Nachingwea na Liwale. Makarani waelekezwe kuzungumza na mwombaji mwenyewe, na pale mwombaji ni kiziwi, aitwe mkalimani wa lugha ya alama. Tena matangazo yabandikwe chini kidogo, usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu, maana mengi hubandikwa juu ya mlango.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Lindi mjini