Sisi tulioacha mikorosho nyumbani ndio tunaowaambukiza majirani

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Newala, sa hivi niko Oregon huku Marekani mwaka wa nne, nafanya kazi kwenye shamba la hezelinati, na naandika kumjibu yule msomaji wenu aliyelalamika kwamba kapulizia salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, msimu mzima na bado mikorosho yake imeliwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaounguza maua, akasema salfa ni feki. Inawezekana ni feki, sibishi. Ila namuuliza kitu kimoja tu, shamba la jirani yake ni la nani na huyo mwenyewe yuko wapi? Maana anaweza kuwa mtu kama mimi.

Kwa asiyejua, hezelinati ni kokwa dogo la duara, ndio lile linalosagwa na kakao watu wanapaka kwenye mkate. Karibu zote zinazolimwa Marekani zinatoka hapa Oregon, bonde la Willamette, ingawa ukiwaweka mbele ya Uturuki hawa ni watoto. Msimu ukifika unaweza kudhani uko Newala kabisa, kokwa haichumwi, inasubiriwa idondoke yenyewe, Septemba kuingia Oktoba, na chini ya miti panakuwa pamesafishwa mpaka unaweza kuanika unga. Tofauti ni kwamba huku inapita mashine inazifagia zinakaa mstari, inakuja nyingine inazoa, hakuna kuinama na ndoo toka alfajiri. Mgongo wangu hauna malalamiko.

Sasa na wao wana ubwiriunga wao. Ni ukungu mwingine, wenyewe wanauita blaiti ya filbati (wazee wa huku hezelinati wanaita filbati mpaka leo). Baridi ikiingia majani yakaisha tunapita safu kwa safu tumeangalia juu kama watu wanaotafuta nyuki. Siku yangu ya kwanza bosi alivuta tawi chini akaniambia pitisha dole gumba hapa, nikapitisha, nikakuta vipele vyeusi vimepangana mistari miwili kama vimeshonwa kwa cherehani. Akaniambia huu mti haujaumwa jana, uliambukizwa zaidi ya mwaka mmoja uliopita ila ndio kwanza unaonyesha, na hivi vipele tukiviacha mvua ikinyesha vinamwaga vumbi lake upepo unapeleka kwa jirani. Tukakata tawi lote, tukashuka chini zaidi ya pale palipoumwa, tukachoma siku hiyo hiyo.

Kilichonishangaza ni kilichofuata. Ng'ambo ya barabara kuna miti kama sita ya zamani ya mtu ambaye hata haishi pale, wala havuni, bosi akamtafuta kwenye simu siku tatu mpaka akampata, akamwomba ruhusa aikate yote, na akaikata kwa msumeno wake na mafuta yake mwenyewe, halafu jioni akaniambia kwa hela hiyo ningenunua dawa, lakini dawa ya nini kama chanzo kipo pale kinaniangalia.

Na hawa wana miti inayohimili ugonjwa, chuo kikuu chao kilitoa aina inaitwa Jefferson mwaka 2009, kama sisi tunavyopata mbegu bora kutoka Naliendele, kile kituo cha utafiti cha Mtwara. Lakini wameshagundua aina nyingine ya huo ukungu inayopenya hata kwenye miti hiyo, kwa hiyo kutembea na kukagua hakujaisha.

Sisi hili tumeshalipia zamani jamani. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani kama 145,000, kufika 1986/87 hazifiki hata 20,000. Bei ilikuwa mbaya ndiyo, lakini pia watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa mikorosho ikabaki porini haina mtu, na ubwiriunga ulipoingia haukukuta wa kuuzuia. Baba yangu alikuwa anatuhadithia hayo tukiwa tunabangua.

Sasa mimi marehemu baba kaniachia ekari tatu. Toka nimeondoka hazijapuliziwa hata mara moja, majani yamefika kiunoni, na mwezi wa nane jirani yetu wa shamba kanitumia picha kwenye Watsapu, maua ya mkorosho yamepakwa unga mweupe kama chapati ambayo haijaenda kwenye moto. Hakuandika neno lolote. Ni picha tu.

Ombi langu ni kwa viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na serikali za vijiji, wekeni utaratibu, shamba ambalo mwenyewe hayupo kijiji kilipulizie na kivune, mkate gharama zenu, kinachobaki ndio cha mwenye shamba, na akikataa basi atozwe. Najua wengine mtaniona nawachoma wenzangu wa Dar na wa huku nje, tunaopenda kusema nina shamba kijijini huku hatujui hata mpaka unapita wapi. Mnione tu.

Mimi nimeshampigia yule jirani, nikamwambia shikamoo mzee, lete hesabu ya salfa na ya vijana wa mashine ya mgongoni nitume hela leo leo. Akacheka. Akasema marahaba mwanangu, sa hivi maua yameshaungua, utakuwa unapulizia majani. Nipigie mwezi wa tano.

Msomaji wenu, Oregon