Mwanangu, Sungura Bado Yupo

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo yako ya jana kwenye simu nimeipokea, na habari ya kazi ya Los Angeles mama yako ameshaitangaza kwa kila anayemfahamu hapa St. Louis. Alhamdulillah. Uliponiambia utaendesha gari mwenyewe sikukujibu sana, nikasema tu tutaongea. Unanijua, kwenye simu sina maneno. Nikishika kalamu angalau napata nafasi ya kufikiri.

Umesema ramani imekupangia barabara kuu ya I-44 mpaka Oklahoma City, halafu I-40 moja kwa moja, siku mbili na nusu umefika. Njia hiyo nimeipita na semi-trela miaka kumi na mitano, usiku na mchana. Nakwambia kweli, miaka kumi na minne ya mwanzo sikuona kitu. Niliona sheli, mizani, na taa za lori lililo mbele yangu. Kumbe pembeni kwangu, mahali pengine hatua mia moja tu kutoka kwenye tairi zangu, ilikuwapo barabara nyingine ya zamani iliyolala, Route 66, na kando yake watu walikuwa wamejenga nyangumi, mahema ya zege na sungura wakubwa kuliko ng'ombe.

Unakumbuka safari ya Phoenix? Ulikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunamhamisha mjomba wako, gari limejaa hadi kiooni, wewe umebanwa kati ya godoro na masufuria. Tulipoingia Arizona ukaanza kuona mabango ya njano yenye sungura mweusi aliyechutama. Hayana maelezo mengi, sungura tu. Ukayahesabu kwa vidole, vidole vikakuishia, ukaanza upya. Ukaniuliza, "Baba, sungura yuko wapi?" Nikasema tutasimama tukirudi. Tuliporudi ilikuwa usiku, ulikuwa umelala, nami nilikuwa nawahi mzigo wa Jumatatu. Sikukuamsha. Asubuhi uliniangalia bila kusema kitu, na mimi nikajifanya sijui unachoniangalia.

Nimelibeba hilo muda mrefu, mwanangu.

Mwaka jana mwezi wa tatu alternata iliniharibikia maili chache kabla ya Holbrook, Arizona. Fundi akasema spea inatoka Phoenix, itachukua muda wa saa nne hivi. Zikawa siku mbili. Lori liko gereji, kitanda changu kimo humo humo ndani ya lori, basi nikatembea mjini kutafuta gesti. Ndipo nikayaona: mahema kumi na tano ya zege, meupe, yamezungushiwa mstari mwekundu wa kona kona, yamepangwa kuzunguka uwanja, na kila moja lina mlango wake na gari la zamani limeegeshwa mbele. Nikalipia usiku mmoja.

Ndani ni padogo lakini pasafi. Fanicha ni za mti wa hikori, zilezile za tangu mwanzo. Ukuta unaegemea ndani, kwa hiyo kadiri unavyosogea pembeni ndivyo unavyoinama. Ng'ambo ya pili reli inapita, na garimoshi la mizigo lilipopita usiku niliweka kiganja ukutani nikalisikia likitetema kwenye zege. Sikulala haraka. Nilimfikiria aliyejenga.

Alikuwa anaitwa Chester Lewis, alijenga mwaka 1950. Ramani yake aliipata kwa Frank Redford wa Kentucky, aliyeanzisha moteli za namna hiyo. Malipo yao yalikuwa hivi: kila chumba kiliwekwa redio inayokula sarafu. Mgeni akitumbukiza senti kumi, redio inaimba nusu saa, na senti hizo zinakwenda kwa Redford. Nilicheka peke yangu kitandani kwa furaha, kama mtu aliyekutana na ndugu. Maana hiyo ndiyo biashara ya barabarani ninayoijua, ya senti kumi kumi.

Bibi yako aliuza machungwa Muheza. Wewe ulimkuta mzee, hukuwahi kumwona kazini. Wauzaji walikuwa wengi, machungwa ni yaleyale, bei ni ileile. Basi likitokea Tanga lina muda mfupi tu wa kuamua lipunguze mwendo mbele ya nani. Mama alipanga machungwa yake yakapanda juu kama mnara, halafu kileleni akaweka papai moja kubwa lililoiva, jekundu, ambalo hakuliuza hata akiombwa. Dereva aliliona papai kabla hajaiona meza. Nilikuwa na kazi ya kulifuta vumbi. Kwa hiyo nilipokuja kuyajua mambo ya hii Route 66, hakuna aliyehitaji kunieleza kwa nini mtu anajenga nyangumi katikati ya nyasi za Oklahoma.

Barabara yenyewe ilipewa namba tarehe 11 Novemba 1926, kutoka Chicago mpaka Los Angeles, majimbo manane, maili 2,448. Cyrus Avery, mfanyabiashara wa Tulsa, ndiye aliyeipigania zaidi. Lami ilikamilika njia nzima mwaka 1938. Ilipita katikati ya miji, mbele ya milango ya watu, na kila aliyekuwa na mlango akatafuta papai lake. Mwaka 1956 Rais Eisenhower akasaini sheria ya barabara kuu mpya, hizi tunazopita sisi, zenye uzio na njia maalumu za kutokea. Mji mmoja baada ya mwingine ukawekwa pembeni. Williams, Arizona, ndio uliokuwa wa mwisho, Oktoba 1984, na mwezi Juni 1985 namba 66 ikafutwa kwenye orodha ya barabara za taifa. Lewis alikuwa ameshafunga mahema yake mwaka 1974, magari yalipohamia I-40. Alipofariki, watoto wake wakayakarabati, wakafungua tena mwaka 1988.

Sasa nisikilize. Usiende siku mbili na nusu. Chukua sita. Kazi inaanza tarehe kumi na tano, muda unao.

Siku ya kwanza, Missouri, angalia mapaa ya maghala ya wakulima. Mengine yameandikwa kwa rangi jina la mapango ya Meramec. Mwenye mapango, Lester Dill, alikuwa anawaendea wakulima na kuwapakia rangi maghala yao ili aandike tangazo lake. Kansas utaipita kabla chai haijapoa, ni maili 13 tu.

Catoosa, Oklahoma, kabla ya Tulsa, toka kwenye barabara ya kulipia. Pana bwawa dogo, na kwenye bwawa kuna nyangumi wa buluu mwenye urefu wa mita 24, mdomo wazi, anatabasamu. Hugh Davis alimjenga kwa mabomba na zege, akamaliza mwaka 1972, zawadi ya kumbukumbu ya ndoa yao kwa mkewe Zelta, kwa sababu mama yule alipenda kukusanya sanamu ndogo za nyangumi. Watoto wa jirani wakaja kuogelea bila kualikwa, wazee wakaona basi iwe ya watu wote. Walipochoka, mwaka 1988, wakafunga, na nyangumi akaanza kubanduka rangi mpaka watu wa mji wakaja na brashi zao. Mwaka 2020 mji wenyewe ulimnunua. Ingia mdomoni. Zege limekuwa laini pale miguu ya watoto ilipopita, na ukiinama unaona maji chini yako. Nilikaa humo nikala sandwichi yangu yote. Mtu mmoja alimjengea mkewe kitu kikubwa kiasi kile, na mpaka leo wageni wanasimama. Huyo namheshimu.

Baada ya Tulsa, karibu na Luther, utaona sheli ndogo ya mawe. Hapo usipite mbio. Ilikuwa ya familia ya Threatt, watu weusi, mawe waliyachimba katika ardhi yao wenyewe. Nataka uelewe kitu, kwa sababu huku wanaposema "zamani nzuri" wanasahau nusu ya habari. Barabara hii haikuwa ya kila mtu. Ilikuwapo miji ambayo mtu mweusi alitakiwa awe ametoka kabla jua halijazama. Gesti nyingi hazikumpokea. Mpeleka barua wa Harlem, Victor Green, alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha kuwaonyesha wasafiri weusi wapi watalala na wapi watakula kwa amani, na kiliendelea kutoka mpaka miaka ya 60. Baba aliyesafiri na bintiye mwenye miaka tisa katika siku hizo hakuweza kumwambia "tutasimama tukirudi". Alijua kusimama kwenyewe kuna hatari, akabeba chakula na maji na debe la kujisaidia ndani ya gari. Kwa Threatt aliweza kusimama. Zima gari pale, shuka, gusa ukuta. Nilipougusa nilijiona mjinga kwa miaka yote ambayo mimi niliruhusiwa kusimama na sikusimama.

Na mahema ya Holbrook nayo yana kasoro yake. Wanavajo, wenyeji wa eneo lile, hawakuishi kwenye mahema ya namna hiyo, nyumba yao ni hogan, ya magogo na udongo. Mahema yale ni ya watu wa nyika za mbali, na jina walilobandikwa, wigwam, ni la nyumba ya watu wengine kabisa. Nayapenda, lakini naona vizuri nawe ulijue hilo kabla ya kupiga picha.

Amarillo, Texas, utakuta gari kumi za Cadillac zimezikwa pua chini shambani tangu 1974. Watu wanazipaka rangi kila siku, rangi imekuwa nene kama gome la mti. Beba kopo lako. Tucumcari, New Mexico, fika magharibi, si mchana, ili uione moteli ya Blue Swallow taa zake za neoni zikiwaka. Ile mirija ya kioo mtu huipinda kwa mkono juu ya moto ndipo hewa ya neoni inapotiwa, na mwanga wake hauchomi macho kama taa za siku hizi. Seligman, Arizona, mnunulie mama yako kitu dukani kwa Angel Delgadillo. Alikuwa kinyozi, alizaliwa hapo 1927. Barabara mpya ilipoukwepa mji tarehe 22 Septemba 1978 aliona magari yakikatika siku moja. Mwaka 1987 akawakusanya wenzake wakaanzisha chama, jimbo likakubali kuitambua barabara kuwa ya kihistoria, na wageni wakarudi.

Kabla ya Seligman, lakini, kuna Joseph City.

Sungura bado yupo, mwanangu. Nilimwona siku ileile lori lilipopona. Ni duka tu la vinyago na vito, lilifunguliwa mwaka 1949, na mwenyewe na mwenzake walisambaza mabango mpaka Springfield, Missouri, takriban maili 1,000, ili mtoto aliyeko kiti cha nyuma asimwache babake apite. Mbele ya duka kuna bango la njano refu lenye sungura mweusi na maneno ya kusema NI HAPA. Nje amesimamishwa sungura mkubwa ambaye watoto wanampanda. Nilikaa kwenye kivuli chake kama dakika ishirini. Sikumpanda, nilikuachia.

Nimeweka mambo matatu kwenye gari lako jana, mama yako anajua. Tairi la akiba nimelijaza upepo. Chini ya kiti kuna galoni mbili za maji, usiyaguse mpaka uingie jangwani. Na nyuma ya kile kikinga jua cha upande wa dereva kuna risiti ya mafuta ya zamani, imeshaanza kufutika. Igeuze. Uliichora wewe, kwa kalamu yangu, ukiwa kati ya godoro na masufuria, na imekuwa kwenye lori langu miaka yote hii. Ukifika pale mpande, hata kama watu wanakuangalia, halafu unitumie picha.

Baba yako