Wafanyabiashara wa Dodoma wawabebe wasichana wanamichezo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wafanyabiashara wa mkoa wetu kuhusu wasichana wanaong'ara katika michezo ya shule, ambao wakishamaliza kidato cha nne hawasikiki tena. Nitatumia mfano wa Kathy Whitworth, Mmarekani aliyefariki dunia Desemba 2022 akiwa na umri wa miaka 83, ambaye alishinda mashindano 88 ya LPGA, chama cha wanawake wanaocheza gofu ya kulipwa. Kwa upande wa wanaume, Sam Snead na Tiger Woods wana ushindi 82 kila mmoja katika PGA Tour, mashindano ya gofu ya kulipwa ya wanaume.

Hesabu hiyo ndiyo inayotajwa kila anapokumbukwa, lakini mimi navutiwa zaidi na miaka yake ya mwanzo. Whitworth alikulia Jal, mji mdogo na mkavu wa New Mexico unaotegemea mafuta na gesi, ambako wazazi wake walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Alianza gofu akiwa na miaka 15, na mwalimu wake wa kwanza, Hardy Loudermilk, alipoona hana tena la kumwongezea, alimpeleka kwa Harvey Penick huko Austin, Texas, mamia ya kilomita kutoka nyumbani. Nikiwa mwalimu, jambo hilo nalithamini mno, maana wengi wetu humng'ang'ania mwanafunzi bora hadi wakati wake unampita.

Aliingia gofu ya kulipwa mwishoni mwa mwaka 1958. Zawadi za wakati ule zilikuwa ndogo, wachezaji walisafiri kwa magari yao wenyewe kutoka mji hadi mji, na miezi ya mwanzo ilimwendea vibaya hata akafikiria kuacha. Aliyembeba ni baba yake, pamoja na wafanyabiashara wachache wa Jal waliokubali kumgharamia kwa miaka kadhaa. Ushindi wa kwanza ulikuja mwaka 1962, yaani zaidi ya miaka mitatu baadaye. Kuanzia hapo mambo yalifunguka: mwaka 1968 pekee alishinda mara 10, alitajwa mchezaji bora wa mwaka mara saba, na mwaka 1981 akawa mwanamke wa kwanza kufikisha dola milioni moja za zawadi katika LPGA. Alizifikisha kwa kushika nafasi ya tatu katika US Women's Open, shindano kubwa ambalo hakuwahi kulishinda.

Hapa kwetu nimemwona msichana akikimbia mita 1,500 kwa viatu vya kuazima, vimejazwa vitambaa puani visimvuke, na bado akawaacha wenzake nusu mzunguko. Wafadhili wetu hujitokeza siku ya fainali na jezi na mipira, nasi tunashukuru kwa dhati, ila jezi hazimlipii nauli wala kocha ikifika Januari. Ninachoomba ni kwamba wenye maduka watatu au wanne wa Majengo, Sabasaba au Kizota waungane, wamchukue msichana mmoja, wakae na wazazi wake na mwalimu wake, waandikiane makubaliano ya miaka mitatu ya chakula, viatu, kocha na safari za mashindano, na wasimdai kombe katika mwaka wa kwanza. Mchezo uwe wowote. Hata gofu si ngeni kwa wanawake wa Tanzania, kwani Madina Iddi wa Arusha ameiwakilisha nchi nje ya mipaka yetu.

Gazeti lako nalo linaweza kusaidia. UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari Tanzania, inapomalizika, chapisheni majina ya wasichana waliofanya vizuri pamoja na shule zao, kisha baada ya miezi sita mrudi kuuliza kila mmoja wao yuko wapi na nani anamlipia mazoezi.

Mwalimu wa michezo,
Dodoma