Kochi si kaburi la Vasco da Gama pekee

Mhariri,

Makala za safari katika gazeti lenu huwaelekeza Delhi, Agra na Mumbai wasomaji wanaokwenda India, na Kochi, bandari kongwe ya jimbo la Kerala, ikibahatika kutajwa, huelezwa kuwa ndipo alipofia Vasco da Gama, basi. Ni kweli kwamba baharia huyo alifariki huko mwaka 1524 na kuzikwa katika kanisa la Mtakatifu Fransisko, Fort Kochi; lakini mabaki yake yalihamishiwa Ureno mwaka 1539, kwa hiyo wageni wanaosukumana kulipiga picha kaburi hilo wanapiga picha ya jiwe tupu.

Biashara ya pwani ile haikuletwa na Wareno. Pilipili manga, iliki na tangawizi za Malabar, yaani pwani hiyo, zilivushwa bahari kwa pepo za msimu karne nyingi kabla yao, na Vasco da Gama mwenyewe alifika huko Mei 1498 akiongozwa na rubani aliyempata Malindi.

Ndiyo maana ningemshauri msafiri aanzie mtaa wa Mattancherry. Hapo lipo kasri ambalo Wareno walilijenga katikati ya karne ya 16 wakamzawadia raja wa Kochi, nao Waholanzi, walioutwaa mji mwaka 1663, wakalikarabati na kuliachia jina lao, jambo ambalo naona ni dhuluma kwa raja aliyeishi humo. Kwa nje halina mvuto. Hazina yake ni michoro ya Ramayana, utenzi mkuu wa Wahindu, iliyofunika kuta za vyumba vya ndani.

Jirani yake ni sinagogi la Paradesi, lililojengwa mwaka 1568. Mgeni huvua viatu mlangoni, akakanyaga vigae vya buluu na vyeupe vilivyochorwa kwa mkono huko China, na juu yake zimening'inia taa za vioo za Ubelgiji. Asiende Jumamosi, kwani ni Sabato na hafunguliwi mtu.

Nyavu za Kichina za ufukweni nazo zina sifa kubwa, na zinastahili. Wavuvi hushusha majini wavu mpana uliofungwa kwenye magogo marefu, kisha huunyanyua kwa kuvuta kamba zilizoning'inizwa mawe mazito ya kusawazisha uzito. Mgeni akikaribishwa kushika kamba ajue kwamba ataombwa chochote, na sioni ubaya, maana samaki wanaopatikana mara nyingi ni haba.

Naomba makala yenu ijayo iwaeleze wasomaji pia kwamba mvua kubwa hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba, na kwamba kutoka Ernakulam, sehemu ya mji iliyo upande wa bara, ni afadhali kuvuka kwenda Fort Kochi kwa feri kuliko kukodi teksi, kwa sababu nauli ni ndogo na bandari yote huonekana ukiwa majini.

Msomaji wenu.