Barua kwa mwanangu: usije usiku

Old Moshi, Jumamosi tarehe 7 Desemba 2024

Mama yangu Haika,

Hujambo? Sisi wazima, isipokuwa magoti ya mama yako, ambayo siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio. Barua hii utaikuta ndani ya boksi, juu ya ndizi. Kaka yako wa Arusha anasema nimepitwa na wakati, ningekurekodia sauti tu kwenye simu. Nimejaribu mara mbili. Nikijisikiliza naona nafoka. Kwenye karatasi sifoki.

Kilichonikalisha mezani ni hiki. Juzi ulisema Jumatatu tarehe 23 ukitoka kazini unapakia mizigo, saa mbili usiku unaondoka Dar, "alfajiri niko nyumbani, baba nichemshie maji ya kuoga." Nikakujibu sawa. Siyo sawa. Usije usiku.

Utaniambia usiku barabara nyeupe, askari wa tochi wamelala, gari halipati joto. Kaka yako naye kakuunga mkono, anasema hata mabasi yanatembea usiku tangu 2023. Yanatembea, ndiyo. Basi la safari ndefu lina madereva wawili, mmoja akichoka mwenzake anashika usukani. Wewe kwenye kile kigari chako utapokezana na nani? Na mkoba?

Tuliache kidogo, nitalirudia.

Uliniuliza pia swali ambalo nililijibu vibaya. Ulisema ofisini kwenu mmeulizana, mwaka unaisha, kila mtu ataje kitu kipya alichokigundua mwaka huu kikamfurahisha. Ukaniuliza na mimi. Nikasema mzee wa miaka 68 agundue nini. Nilipokata simu nikajiona mjinga, maana vipo. Cha kwanza kimo kwenye hilo boksi, ile pakiti ya khaki.

Hiyo ni kahawa yetu. Ya kihamba chetu, shamba hili la nyumbani, kutoka ile mistari ya juu karibu na mfereji. Fikiria, mama: KNCU, chama chetu cha ushirika wa kahawa, ilianza 1933, babu yako alikuwa mwanachama maisha yake yote, alijua bei ya mnada wa Moshi kuliko alivyojua siku za kuzaliwa za watoto wake, na amekufa akinywa chai. Sisi sote hapa tumesomeshwa na kahawa na hakuna aliyeijua ladha yake. Ilikuwa inavunwa, inakobolewa, inaanikwa, inapelekwa chamani. Ukimkuta mtoto anatafuna buni anachapwa, anakula ada yake ya shule.

Mwaka huu mwezi wa nane nilibakiza debe moja. Nikaitwanga kwenye kinu kutoa ganda, nikapepeta, nikaweka sufuria kwenye makaa. Mara ya kwanza niliiunguza ikawa mkaa, moshi ukajaa jikoni, mama yako akatoka nje na kitenge puani akiniuliza nachoma nyumba ya nani. Mara ya pili nikajifunza kutoondoa mwiko. Inaanza kijani, inakwenda njano na kunuka kama majani makavu, halafu inakuwa kahawia na kuanza kulia, tak, tak, kama bisi iliyokosa nguvu. Hapo unahesabu kidogo, unaimwaga kwenye ungo, unaipeperusha upepo uchukue makapi. Usiinywe siku hiyo, iache ilale. Kesho yake unatwanga, vijiko viwili vya chakula kwenye maji yaliyotoka kuchemka, unafunika, unasubiri, unachuja. Bila sukari. Nilipokunywa kikombe cha kwanza nilikaa kimya mpaka mama yako akadhani presha imepanda.

Bei nayo imepanda. Redio ilisema soko la dunia halijaona bei ya namna hii tangu 1977, na mwaka ule naukumbuka, nilikuwa kijana, watu walipaua mabati mapya huku mlimani. Kwa hiyo majirani wanasema mimi nimerukwa na akili, kahawa ikiwa ghali ndiyo naanza kuinywa. Waache. Debe moja.

Miche minane ya zamani iliyokuwa inashikwa na ugonjwa wa chulebuni kila mwaka nimeing'oa. Kijana mmoja wa kanisani amenielekeza miche ya chotara inayotoka Lyamungu, kwenye utafiti wa kahawa, ile inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Nimepanda ishirini. Ukija utaikagua. Ukija mchana.

Cha pili ni taa ya kichwani. Unamjua yule kijana wa jirani anayebeba mizigo mlimani. Mgeni mmoja alimwachia taa ya kuvaa kwenye paji la uso, naye akaniuzia elfu ishirini. Mama, miaka yote nimekamua ng'ombe alfajiri nikiwa nimebana tochi kwapani au nimeitundika kwenye msumari, inamulika mkia badala ya chuchu. Sasa nina mikono miwili. Siku ya kwanza ng'ombe alinitazama akarudi nyuma, akakanyaga ndoo, lita tatu zikaenda. Sasa kazoea. Mama yako ananiita treni.

Ningekuwa nayo mwaka jana, usiku ule ningeshuka nayo mpaka barabarani.

Sitarudia yaliyosemwa siku ile ya pili ya Krismasi, uliyasikia, na baba zako wadogo waliyasikia, ndiyo ubaya wake. Siku zile nilisema pombe ya mbege ilikuwa kali. Mbege haikuwa na kosa. Ulipowasha gari saa mbili usiku nilibaki kwenye kiti kwa sababu mzee hainuki mbele ya watu kumkimbilia mtoto. Nilisikia gia mpaka kwenye kona ya chini. Halafu nikaingia ndani, nikamwambia mama yako nalala, na sikulala mpaka uliponipigia kutoka Korogwe kusema uko hai na hutaki kuongea. Mimi sikuwa na la kuongea pia. Nilitaka tu kusikia mlio wa gari umezimwa.

Sasa unaelewa kwa nini nasema usije usiku. Au huelewi, kwa sababu kuna jambo sijawahi kukwambia, na mama yako halijui, na barua hii usiisome mbele yake.

Mwaka 1988 nilikuwa natoka Dar na lori, mzigo wa saruji. Niliendesha malori miaka kumi na tisa, kila mtu nyumbani anajua sikupata ajali hata moja, na mimi nimewaacha wajue hivyo. Baada ya Hedaru, kuelekea Makanya, barabara ile imenyooka kama imepigwa rula, milima ya Upare kulia kwako, giza, hakuna taa ya nyumba. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimefanya kazi mchana kutwa kupakia, nikasema nitafika alfajiri. Nilichosikia ni changarawe. Sikuona kitu, nilisikia tu tairi zimeacha lami. Nilipofumbua macho lori lilikuwa porini linapita katikati ya vichaka kama vile ndiyo njia, tandiboi wangu kalala amefungua mdomo. Likasimama lenyewe kwenye mchanga. Taa moja ilikuwa inamulika mbuyu, kama hatua kumi hivi mbele.

Tulikaa pale mpaka kukapambazuka. Tandiboi alilia. Mimi nilimwambia tumekwepa punda. Nyumbani nilifika saa nne asubuhi, mama yako akiwa na mimba yako, akanipa uji, nikamwambia safari ilikuwa nzuri.

Usingizi wa namna ile hauji ukijitambulisha. Haukuambii sasa nakuja. Wewe utakuwa umefunga hesabu za mwisho wa mwaka tangu asubuhi, ninyi wahasibu Desemba mnakufa na makaratasi, halafu ndiyo ushike usukani kilomita 560? Haika.

Fanya hivi. Jumatatu ukitoka kazini nenda kale. Wali, siyo hizo chipsi mayai. Lala saa tatu. Jumanne saa kumi na moja alfajiri ondoka, ukifika Chalinze kumekucha. Segera pumzika, Mombo shuka unywe chai unyooshe miguu, Same nunua maji. Saa kumi alasiri hivi unakunja Kiboriloni unapanda. Utakosa misa ya mkesha? Huikosi, inaanza jioni, na hata ukiikosa Mungu ana kalenda.

Kama lazima utembee giza kidogo, hili lishike: ukiona matawi ya majani yametupwa barabarani, punguza hapohapo, mbele kuna lori limekufa na halina taa. Usimfuate mwenye mwanga mkali, hajui anakokwenda naye. Na simu iweke kwenye buti. Ninayepiga kuuliza umefika wapi nitakuwa mimi, kwa hiyo nikipiga usipokee.

Au acha gari, panda treni. Sijui kwa nini nyie vijana mnaidharau. Ilipokufa tulilia, iliporudi Moshi 2019 tukapiga vigelegele, sasa mnasema inachelewa. Kuchelewa siyo dhambi. Lakini najua hutaiacha hiyo gari, unataka ionekane hapa. Na ionekane. Umeinunua kwa jasho lako, hukumwomba mtu. Kanisani wakiniuliza lile simtanki la lita elfu mbili limetoka wapi, nasema binti yangu, nasema kwa sauti kidogo kuliko inavyotakiwa. Mama yako habebi tena maji. Ila mwanangu, pesa unatuma na ujumbe "baba pesa ya tanki", nukta. Hata hujambo hakuna. Nimekulea hivyo? Labda nimekulea hivyo.

Mengine ya mwaka ni madogo. Kliniki wameniambia nitembee na nipunguze chumvi. Natembea kushuka mpaka Kiboriloni, kupanda narudi na bodaboda, daktari hakufafanua. Kule kwenye mitumba nimepata buti la ngozi elfu kumi na tano, zima kabisa, sijui mwenyewe alikufa au alichoka. Masika yalitupiga sana, mfereji ulibomoka pale kwenye ule mgomba mkubwa, tumeutengeneza watu kumi na wawili kwa siku mbili. Mama yako amekubali jiko la gesi kwa chai na maharage tu. Mtori anasema wa gesi hauna roho, kwa hiyo kuni bado nakata mimi. Bati la jikoni linavuja upande wa mashariki, nitaliziba kabla hamjaja, usitume pesa. Mbuzi wa Krismasi yupo, beberu mweusi, kisusio kitakuwepo, supu yenye damu yake. Baba yako mdogo wa Kidia atakuja, nimeshaongea naye. Nimemwambia mezani mwaka huu tutaongea habari za mpira na kahawa. Umri wa mtu na ndoa ya mtu siyo ajenda. Akauliza nani kasema, nikamwambia mwenye nyumba.

Wanatutania kwamba Wachaga Desemba tunarudi kuhesabiwa. Sawa. Mimi nahesabu wawili tu, wewe na kaka yako, na hesabu hiyo mwaka jana haikukamilika mpaka asubuhi.

Sasa hilo boksi. Limepanda basi la asubuhi, kalifuate stendi ya Magufuli pale Mbezi, namba ya kondakta nimemwambia kaka yako akutumie. Ndizi zitoe siku hiyohiyo uzitandaze, zikibanana zinaiva. Zile fupi nene za chini ni za mtori, usimpe mtu akachome. Maziwa ya mgando yamo kwenye ndoo ndogo ya bluu.

Pakiti ya kahawa utaikuta imefungwa kwa jani la sale, lile la kuombea msamaha, lenye fundo. Nimelikata pale getini. Mama yako anasema baba hampelekei mtoto sale, haijawahi kuonekana, na mimi nimemjibu kamba ilikuwa imeisha. Kamba ipo, gunia zima. Usilitupe kabla hujanywa.

Ndoo ni ya mama yako, kaiulizia mara tatu kabla boksi halijafungwa. Uje nayo Jumanne.

Baba